Hekalu Nyuma ya Majora ya Kaniki

Kila meli ilipofika Mwaya, sokoni hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Magunia ya mpunga yalipangwa mpaka njiani, ngozi za ng'ombe zilinuka juani, wanawake walikaa nyuma ya mikungu ya ndizi wakibishana na wanunuzi bila hata kuinua macho, na wachukuzi walipita katikati yetu wakipiga kelele, "Simile! Simile huko!" Sisi wa vyungu tulikaa upande wa ziwa, kwa sababu mali yetu haipendi kusukumwa. Mbele yetu yalikuwa maduka ya Wahindi, yamebanana ukuta kwa ukuta, nguo za kaniki na amerikani zikining'inia milangoni. Ungeweza kuja soko hilo tangu utoto mpaka mvi, usijue kwamba nyuma ya duka mojawapo kulikuwa na nyumba ya ibada.

Mimi nilijua kwa sababu ya visahani.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi wa Lyulilo, nami nilikuwa binti yake mkubwa. Nilikuwa nimesoma misheni miaka miwili, nikatoka na kusoma, kuandika na nyimbo nyingi, ila hesabu zilinishinda. Mama alisema kichwa changu kina madirisha mengi kuliko milango. Kila mwaka, kabla ya sikukuu yao ya taa, Banyani mmoja mwenye duka aliagiza kwetu visahani vidogo vya udongo vya kuwekea samli na utambi. Mwaka ule mama akaniwekea kapu kichwani.

"Peleka mpaka ndani. Usiangalieangalie, ni mahali pa ibada ya watu."

"Hata kidogo, mama?"

"Hicho kidogo utakiangalia hata nikikukataza. Nenda."

Nikapita mbele ya meza ya duka, nikaingia kati ya majora ya nguo yaliyopangwa mpaka darini. Njia ilikuwa nyembamba, ikabidi nishushe kapu na kwenda ubavu ubavu. Harufu ya kaniki mpya ilinishika kooni. Kelele za soko zilififia nyuma yangu, zikabaki za mbali kabisa, ingawa nilikuwa nimetembea kidogo tu. Kisha pazia, na nyuma ya pazia chumba.

Kilikuwa cha udongo, kimepakwa chokaa, na mwanga uliingia kwa tundu moja darini. Ndani ya shubaka la ukutani alikaa mungu wao, jiwe jeusi lililovikwa kitambaa cha rangi ya ndizi mbivu. Kulikuwa na kengele ndogo ya shaba. Lakini kilichonishangaza kuliko yote ni sakafu. Ilikuwa imesiribwa kwa samadi ya ng'ombe, laini, safi, kama nyumba ya bibi yangu.

"Miguu yako ni safi?" sauti iliniuliza. Ni mke wa Banyani, amechuchumaa pembeni na bakuli la unga wa mchele.

"Nimetoka ziwani sasa hivi, mama."

"Basi ni safi kuliko ya mume wangu. Ingia."

Alikuwa mdogo wa umbo, labda amenizidi miaka michache tu, mwenye kuongea Kiswahili cha pwani kitamu kiasi kwamba nilitaka kumsikiliza hata akigomba. Miguuni alivaa mafurungu yenye njuga. Alikuwa akidondosha unga kidogo kidogo kwa vidole, maua yakitokea sakafuni. Akaniambia chumba kile kilitangulia soko. Banyani wa kwanza kufika ng'ambo hii ya milima alijenga kibanda cha matete kwa ajili ya mungu wake kabla hajajenga cha kwake. Mwenzake akajenga duka pembeni, mwingine naye, kila mmoja akikipa kibanda mgongo, mpaka kikazingirwa pande zote.

"Sasa wateja wetu hawajui," alisema. "Wananunua chumvi, na Mungu yuko nyuma ya ukuta anawasikia wanavyodanganya."

"Na ninyi mnavyodanganya?"

Alicheka mpaka unga ukamwagika. Kuku wa soko wakaingia chini ya pazia, wakala ua zima. "Waache," alisema, "nao wana haja zao kwa Mungu."

Tangu siku hiyo kila nilipokuja Mwaya nilipenya kumsalimu. Alijifunza kuniambia "ndaga" kwa kushukuru, nami nikajifunza kumchora tausi kwa unga, tausi ambaye sijawahi kumwona. Alikuja pia kwenye vyungu vya mama, akagonga kila kimoja kwa kidole, akitega sikio. Mama alimpenda kwa hilo. "Huyu," alisema, "anajua chungu kina sauti."

Yule mke wa Banyani akafa wakati wa mvua za masika, kwa homa. Siku moja mchana nilimkuta sokoni yu mzima, na nilipokuja tena duka lilikuwa limefungwa.

Mumewe alimchoma mchangani, karibu na mdomo wa mto. Soko lote lilisimama mbali likitazama moshi. Sisi watu wa huku humzika mtu wetu nyumbani, karibu na migomba yake, watoto wacheze juu yake asipate upweke. Shangazi yangu alinishika mkono kwa nguvu.

"Amemchoma mkewe! Sasa yule atalala wapi? Asiye na kaburi atatembea tu."

"Shangazi, ni desturi yao."

"Desturi yao, ndiyo. Lakini atakayetembea atatembea kwetu."

Mabaki yake Banyani aliyaweka kwanza katika bakuli la shaba, kisha akamtuma mtu wa dukani aje kwa mama aagize chungu. "Ni cha mke wa bwana," mtu yule alisema, basi, hakueleza zaidi. Mama akalia, akafuta machozi kwa kiwiko kwa kuwa viganja vilikuwa na udongo, akaanza. Sijapata kumwona akifinyanga namna ile. Alichagua udongo usio na chembe ya mchanga. Alisugua chungu kwa jiwe lake la mtoni mpaka ukajiona usoni mwake. Baada ya kukichoma alikichemshia maji ya pumba za mpunga, akamwaga, akachemsha tena, akarudia mpaka vitundu vyote vya udongo vikazibika. Ndivyo tunavyofanya kwa chungu cha bibi harusi, ili kisinywe maji hata tone.

"Hiki," alisema akikipiga kwa kidole, "kitadumu kuliko sisi."

Nilipokipeleka Banyani alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama muda mrefu. Alikuwa mtu mrefu aliyeinama kidogo, kama anayeogopa kugonga kichwa mlangoni. "Mwambie mama yako ni kizuri mno," alisema. Nikadhani ni sifa.

Nilipoingia tena hekaluni, kilikuwa kinaning'inia.

Alikuwa amekifunga mdomo kwa kitambaa chekundu na nta, akakitundika kwa kamba kwenye boriti, mbele ya shubaka. Majivu yale, aliniambia, hayakupaswa kugusa ardhi mpaka yafike kwenye maji. Alikuwa amemwahidi mkewe, siku ya mwisho ya homa, kwamba hatabaki huku bara. Atampeleka mpaka bahari ya kwao. Asipofika kwenye maji yanayokwenda, alisema, atakuwa kama mtu aliyesimama mlangoni, haingii wala hatoki. Alikuwa akingojea mwenzake wa kumshikia duka, kisha aondoke na msafara wa pwani.

Chungu kiliyumba kidogo. Upepo haukuwapo, nyuma ya majora yale upepo haufiki. Nilisimama na kapu langu, na nikasikia njuga. Kidogo sana, mahali fulani kati ya nguo, kama mtu anayekuja na kusita. Nilimtazama Banyani. Hakugeuka. Alikuwa akikielezea chungu habari za soko, kwa lugha yao, na mara moja moja nikasikia jina la mahali ninapopajua, Kyela, Lyulilo, na neno "mpunga."

Sitaki mtu aniambie ni panya. Nimewaambia wengi, na kila mmoja ana panya wake. Mimi nilisikia nilichosikia, tena mchana mweupe, soko likinguruma upande wa pili wa ukuta. Wala sikukimbia. Nilisema tu kwa sauti ndogo, "Mugonile, mama," kama nilivyomsalimu siku zote, na njuga zikanyamaza.

Watu wa soko nao walianza kusema. Mwenye duka la jirani alisikia kengele ikilia wakati Banyani mwenyewe yuko forodhani. Wanawake wa ndizi wakahamisha vitu vyao mbali na ukuta ule. Mimi kwa asili yangu ni mtu wa kucheka, hata misheni waliniadhibu kwa kucheka wakati wa sala, lakini miezi ile nilikuwa nikicheka, mara ghafla nanyamaza, kama kuna mtu chumba cha pili anayetaka kusikia nacheka nini.

Kisha vita. Meli zikaacha kuja, misafara ya pwani ikakoma, na njia zote zikajaa askari. Banyani akabaki na chungu chake. Siku moja bomani wakatoa amri: Wahindi wa ufukweni ni watu wa Mwingereza, adui wa serikali, wahamishiwe milimani, mbali na ziwa. Wapewe siku chache wafunge maduka. Mzigo ni ule mtu anaoweza kubeba mwenyewe.

Alikuja kwa mama pale pale kwenye vyungu, mbele za watu, yeye ambaye hakuwahi kuvuka njia kuja upande wetu.

"Mama, hili ziwa linakwenda mahali?"

"Linakwenda vipi, bwana?"

"Maji yake. Yanatoka? Au yamekaa tu?"

Mama aliweka chini chungu alichoshika. "Mabaharia wa meli wanasema kusini kabisa linafunguka, linakuwa mto, na mto unashuka mpaka bahari ya chumvi. Mimi sijaona. Lakini watu watatu wasiopendana wameniambia hivyo hivyo."

Banyani akafunika uso. "Basi naweza kumwacha aende," alisema. "Nikimwacha humo chumbani, wakifungua wageni watamwaga nje kama majivu ya jiko."

Tulimchukua kwa mtumbwi wetu, mama na mimi tukipiga makasia, yeye amepakata chungu, miguu ameiinua isiguse maji yaliyotuama chini. Mahali ambapo mto unaingia ziwani na rangi mbili za maji zinaonekana, akasema, "Hapa." Alishika kitambaa chekundu afungue. Akakiacha. Akajaribu tena, akashindwa. "Baba yangu mdogo alikishusha cha marehemu wake kizima," alisema, kama anatuomba ruhusa. "Kwetu chungu kinakunywa maji, kinalainika, kinazama taratibu. Ni vyungu vibaya, vyembamba." Akakiweka juu ya maji kwa upole sana, akakiachia.

Kikasimama wima. Maji ya mto yakakisukuma, nacho kikaenda, chekundu juu, cheusi chini, kikiinamiana na mawimbi.

"Anakwenda," alisema Banyani. "Tazama, binti! Anakwenda bila kugeuka." Machozi yalimtoka na alikuwa akitabasamu. Nami nikaanza kulia kwa furaha, nikageuka nimwone mama.

Mama hakuwa na furaha. Alikuwa akikitazama chungu kama unavyomtazama mtoto anayetembea ukingoni. Yeye alijua alichokitengeneza.

Chungu kilirudi upepo ulipogeuka kuwa mwera, ule unaotoka kusini. Asubuhi nilisikia wanawake wakipiga yowe ufukweni Lyulilo, nikakimbia nikidhani mtumbwi umepinduka. Walikuwa wamesimama duara, mbali. Katikati, juu ya changarawe, mahali tunapoanika vyungu vyetu, kilikaa chungu chekundu mdomoni, kimelowa, hakina hata ufa. Hakuna aliyeuliza ni cha nani. Alama ya mama ilikuwa shingoni.

Shangazi alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Nilisema! Nilisema atatembea! Amekataa kwenda, amekuja kwa aliyemfinyangia!"

"Kizikwe," mwingine alisema.

"Kizikwe na nani? Kashike wewe!"

Mimi nilipiga magoti. Nakiri nilifikiri kama shangazi, lakini kwa namna yangu: nilifikiri amekuja kwetu kwa sababu tulikuwa rafiki zake, na ningetaka kumwambia akae. Nikaweka sikio karibu na chungu. Ndani kitu kilijigeuza, chepesi, kikitoa sauti ya mchanga.

Mama akaja, akanisukuma kando, akakichukua mikononi kabla hakijakaa zaidi chini.

"Si yeye aliyerudi," alisema. "Ni mimi niliyemfungia. Pumba zangu ndizo zimemzuia."

"Mama, mwenyewe anaondoka leo. Tukimwonyesha atavunjika moyo. Tukivunje sisi huku, asijue."

"Ni mke wako?"

Nikainuka, nikakung'uta changarawe magotini.

"Leta kasia."

Upepo ulikuwa dhidi yetu njia nzima. Mama alikaa mbele na chungu mapajani, hivyo nilipiga kasia peke yangu sehemu kubwa, na kila nilipoinua macho nilikiona kile kitambaa chekundu kikinitazama. Sikusikia njuga. Nilitega sikio hata nikakosa mapigo ya kasia.

Mwaya tulimkuta hekaluni. Majora yalikuwa yameondolewa yote. Kwa mara ya kwanza ungeweza kuliona pazia ukiwa njiani, na watu wawili wa soko walikuwa tayari wakipima chumba kwa hatua, magunia mangapi ya mpunga yataingia. Shubaka lilikuwa tupu. Mungu wake alikuwa amefungwa ndani ya bonge la nguo mgongoni kwa mwenye duka mwingine. Yeye mwenyewe alikaa sakafuni pale pale ambapo mkewe alikuwa akichora, na askari mmoja alisimama mlangoni akimhimiza.

Alipokiona chungu hakutuuliza sisi. Alikiuliza chungu. Sikujua lugha, lakini nilielewa: kwa nini?

"Bwana," mama alisema, "usimlaumu. Mlaumu mfinyanzi." Akamweleza yote, pumba, kuchemsha na kurudia, chungu cha bibi harusi. "Sikujua kwamba kwenu chungu kinatakiwa kufa. Kwetu nikitoa chungu kinachokufa watu wananicheka."

Alisikiliza. Wale wapimaji wakaacha kupima. Mwishowe alisema, "Yeye alisema vyungu vyako vina sauti nzuri kuliko kengele yetu." Akainuka. Akamwambia askari, "Kidogo tu, bwana mkubwa. Mpaka kwenye maji, kisha nakufuata."

"Askari hawangoji maji."

"Huyu atangoja," mama alimjibu, "kwa sababu ana mama." Askari akatazama pembeni, akatufuata.

Ufukweni Banyani alikumbuka. Kwao, alisema, siku ya mazishi aliyefiwa hubeba chungu begani, na mtu wa nyuma yake hukipiga jiwe mpaka kinatoboka, kisha kinaanguka, na mwenye kufiwa haruhusiwi kugeuka. Siku ile ya moshi hapakuwa na ndugu wa kusimama nyuma yake; alifanya yote peke yake. Akakiweka chungu begani, akaingia majini mpaka kiunoni, penye mkondo wa mto. Mama akatoa jiwe lake la kusugulia, lile la mtoni, akaingia na nguo zake zote, akasimama nyuma yake.

Akapiga. Chungu kikalia, sauti ndefu, safi, nayo ikaenda juu ya maji. Hakikupasuka. Nilimwona mama akifumba macho. Hakuna mfinyanzi anayejua kuvunja chungu chake kizima. Akapiga tena, akilia sasa, akakisemesha Kikisi, lugha yetu, maneno ambayo mama humwambia mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa. Akapiga, kikafunguka.

Majivu yakamwagika begani kwake, mgongoni, majini. Vipande vikazama mara moja.

Hakugeuka. Alisimama akitazama ng'ambo ya mto, hashushi macho, mikono imeachia, na mimi ndiye niliyekuwa upande, kwenye maji ya magoti, naweza kuona.

"Binti," aliniita. "Ameondoka?"

Majivu yalikuwa yamelala juu ya maji, kijivu, yametanda, hayaendi popote. Upepo ulikuwa ukiyarudisha na mto ukiyasukuma, yakazunguka pale pale kwenye kiuno chake. Ningeweza kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa tayari.

"Bado, bwana. Ngoja kidogo."

Akangoja. Mama alingoja, jiwe mkononi. Askari aliita kutoka mchangani, akaita tena, kisha akaketi. Upepo ukashuka pumzi moja. Mkondo ukapata nafasi, ukayashika majivu upande mmoja, ukayavuta, kwanza uzi mwembamba, halafu yote, yakapita rangi ya maji ya mto, yakaingia rangi ya ziwa, na sikuyaona tena.

"Sasa," nilisema. "Sasa ameondoka."

Akatoka majini kinyumenyume hatua kadhaa, akapinda bila kuangalia ziwa, akampita mama, akanipita mimi, akamfuata askari kwenye njia ya milimani. Kwenye shati lake, katikati ya mgongo, mahali mkono wake usipofika, palikuwa na kidoa cha majivu yale kilichogandamana na nguo iliyolowa. Nilikiona mpaka alipopinda kwenye migomba. Hicho sikukisema.